Kuna mwezi: kisa cha mkopo wa Kibirizi

Afisa mikopo wa kisa hiki ni mimi mwenyewe. Naanza na hilo ili msomaji asidhani namcheka mtu. Taasisi niliyokuwa naitumikia siitaji, na mama niliyemkosea simtaji. Kibirizi, ufukweni mwa Ziwa Tanganyika, naitaja, kwa sababu kama haya yangetokea Kasulu au Kibondo, mbali na maji, yasingekuwa kisa.

Mei 2023 kikundi cha akina mama 12 kilichukua mikopo kwetu. Kilikuwa mchanganyiko wa kawaida wa Kigoma mjini: muuza mawese, wenye mitumba, mmoja wa vitenge vya Kongo, mamantilie, na watatu wa dagaa. Mama ninayemzungumzia alikuwa mmoja wa hao watatu. Ni Muha wa Manyovu, kaolewa na mvuvi Mbembe, umri wake hamsini na ushee. Hakuwa na cheo kikundini, lakini akianza kuongea wengine walinyamaza. Alikopa shilingi 600,000. Pamoja na riba ikawa 690,000, marejesho sita, 115,000 kila tarehe 28.

Tarehe 28 niliichagua mimi. Nimezaliwa Marangu, Uchagani, mama yangu alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, na nyumbani kwetu mwezi mzima ulikuwa na siku moja tu yenye uzito: siku mshahara unapotoka. Mtu aliyelelewa hivyo hahitaji kufikiri anapopanga marejesho. Siku ya kugawa fedha niliwaambia, kwa sauti ya mwalimu niliyoirithi, "Akina mama, mwezi ukiisha tunakutana, sawa?" Wakaitikia sawa. Mama yule akapiga makofi yake mawili matatu ya taratibu, magoti yamekunjwa kidogo, wanavyofanya Waha kwa mtu wanayempa heshima, akasema, "Ndiyo, mwezi ukiisha."

Naomba msomaji aishike hiyo sentensi.

Juni 28 alilipa. Julai alilipa. Agosti alilipa, tena asubuhi na mapema. Septemba 28 akaleta 80,000, na 35,000 zilizobaki akazileta Oktoba 7. Rejesho la Oktoba lilikuja Novemba 6. La Novemba, ambalo ndilo la mwisho, likaja Desemba 6. Kila kuchelewa faini 5,000. Hakuwahi kukosa kulipa, lakini mara tatu mfululizo alichelewa siku nane au tisa, na kwenye kompyuta ya ofisi jina lake likageuka jekundu.

Mwishoni mwa Novemba, kabla hajamaliza, nilimfuata Kibirizi saa tano asubuhi. Nilidhani namfuata kwa upole. Nikamwita pembeni, nyuma ya banda, ili wenzake wasisikie.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu."

"Nyumbani kuna shida?"

"Ndiyo, mwanangu."

"Mzigo wa mkopo umekuwa mkubwa?"

"Ndiyo."

"Tukiupunguza mkopo ujao, itakusaidia?"

Akanitazama, kisha akatazama mikono yangu iliyoshika daftari. "Ndiyo. Kama wewe unaona hivyo."

Nikaandika: *amelemewa, anakubali kupunguziwa.* Siku ile nilirudi mjini na bodaboda nikijisikia mtu mwema kabisa.

Wema wenyewe ulikuwa hivi. Nikiwa mtoto, mshahara wa mama ukichelewa, alikuwa ananipitisha njia ya migombani ili tusionekane na mwenye duka aliyekuwa na daftari la deni letu. Nakumbuka majani ya migomba yakinigonga usoni na mama akinionya nisikohoe. Kwa hiyo nilipomwona mama wa Kibirizi amechelewa, nilimwona mama yangu, na nikaamua kumpitisha migombani. Faini zake zote tatu, 15,000, nililipa mimi mfukoni mwangu bila kumwambia mtu. Kikao cha kikundi kiliposomewa majina ya waliotozwa faini, jina lake halikusomwa. Na mkopo wake wa Desemba nikauteremsha kutoka 600,000 hadi 300,000, rejesho 57,500 tu kwa mwezi. Nilijiambia sasa atapumua.

Desemba 28 hakulipa. Alilipa Januari 5. Deni limekuwa nusu, lakini kuchelewa ni kulekule.

Hapo ndipo ningepaswa kushtuka. Mtu aliyelemewa na mzigo ukimtua nusu yake, mwendo wake hubadilika. Wa kwake haukubadilika hata siku moja. Msimamizi wangu alisema ni mvua: msimu wa mvua wa Kigoma huanza Oktoba, dagaa wanataka jua, wakinyeshewa wanaoza, hesabu imekwisha. Maelezo mazuri, na kuna ukweli ndani yake. Lakini mvua haina adabu ya namna hiyo. Mvua ingemchelewesha siku mbili mwezi huu na siku ishirini mwezi ujao. Yeye alikuwa na utaratibu kama saa ya ukutani, ila saa yenyewe sikuwa naiona.

Jioni ya Januari 26

Niliiona kwa bahati tu, sikustahili. Ijumaa ya Januari 26, 2024 nilikuwa na kikao kuanzia asubuhi, nikafika Kibirizi saa kumi na moja jioni kumkumbusha rejesho la keshokutwa. Hakuniacha niondoke bila kula. Akapika ugali wa muhogo na samaki aina ya migebuka waliotiwa mawese, tukala nje tumekaa kwenye mkeka, jua likizama nyuma ya milima ya Kongo ng'ambo ya ziwa.

Nilikuwa sijawahi kuwa pale jioni. Ofisi yetu ilikuwa inafanya kazi mchana, kwa hiyo Kibirizi niliyoijua mimi ilikuwa ya mchana: dagaa waking'aa juu ya mchanga na juu ya vichanja, akina mama wakiwageuza, maboti ya abiria yakipakia magunia kwenda vijiji vya kaskazini. Jioni ile vyombo vilikuwa vimepandishwa mchangani, nyavu zimeanikwa, na taa za kuvulia zimekusanywa kwenye kona ya banda zikiwa zimefunikwa na turubai. Vijana ambao muda huo wangetakiwa kuwa wanasukuma mitumbwi walikuwa wamekaa wanacheza karata. Kulikuwa na mwanga wa kutosha kuona karata. Nikageuka. Mwezi ulikuwa umetoka nyuma yetu, upande wa vilima, mduara mzima.

Mjukuu wa mama, kadiri ya miaka tisa, alikuwa anakomba sufuria. Nikamuuliza, "Leo hawaingii ziwani?"

"Kuna mwezi," akasema, kama ungemuuliza kwa nini mtu aliyelala hatembei.

Dagaa wa Ziwa Tanganyika huvuliwa usiku kwa taa. Zamani zilikuwa karabai, siku hizi nyingi ni za betri na sola. Taa inawashwa juu ya maji yenye giza, vijidudu vinaufuata mwanga, dagaa wanafuata vijidudu, wavu unanyanyuliwa kutoka chini. Ziwa lile kina chake kinafika karibu mita 1,470, hakuna la kina kuliko hilo duniani isipokuwa Baikal, na samaki wa maji ya wazi hawana kingine cha kuwakusanya zaidi ya huo mwanga mdogo. Mwezi ukiwa mpevu ziwa lote linakuwa taa, na taa yako haina maana. Kwa hiyo siku chache kabla ya mwezi kukamilika na siku chache baada yake, vyombo hulala. Kinachofuata wanakiita giza, na giza ndilo mavuno. Yanapoanza tena, dagaa wa kwanza lazima wakauke, wapate mnunuzi, ndipo hela ionekane. Nane au tisa. Siku nane au tisa.

"Mama," nikasema, "mbona hukuniambia?"

"Nikuambie nini?"

"Kwamba kukiwa na mwezi hakuna hela."

Alicheka hadi akashika mbavu, akamtafsiria mumewe kwa Kibembe, na yeye akacheka. "Nilidhani unaona," akasema. "Mwezi si uko juu, mwanangu?" Kisha, kwa utulivu zaidi: "Na wewe mwenyewe ulisema mwezi ukiisha. Tarehe niliiona kwenye karatasi. Lakini neno lako lilikuwa mwezi ukiisha, nami nililipa kila mwezi ulipoisha."

Kalenda mbili, neno moja

Kesho yake nilikaa na kalenda. Mwezi wa angani una siku 29 na nusu. Wa ukutani, ukiacha Februari, una 30 au 31. Kwa hiyo mwezi mpevu hurudi nyuma karibu siku moja kila tukifungua ukurasa mpya. Mwaka 2023 mwezi ulikamilika Julai 3, Agosti 1, Agosti 31, Septemba 29, Oktoba 28, Novemba 27, Desemba 27. Weka tarehe 28 pembeni yake. Juni ilikuwa siku tano kabla ya mwezi mpevu, giza ndiyo kwanza linaisha na hela iko mkononi. Agosti siku tatu kabla, bado alikuwa nazo. Septemba siku moja kabla, nazo zilikuwa zimeanza kuisha, ndiyo maana akaja na 80,000. Oktoba tarehe 28 ilikuwa ni mwezi mpevu wenyewe. Na kuanzia hapo tarehe yangu ilikuwa inamwangukia katikati ya siku za njaa kila mara. Yeye hakuwa amebadilika tangu Juni. Tarehe yangu ndiyo iliyokuwa inateleza.

Wale wenzake wawili wa dagaa walifanyaje? Mmoja mumewe ana bodaboda, mwingine anakopeshwa na mamantilie mpaka giza lirudi. Nyumba ya mama yule yote, mume na mke, inakula kwenye mwezi mmoja. Ndiyo maana alionekana peke yake, na mtu akionekana peke yake sisi wa ofisini huwa tunatafuta kasoro ndani yake.

Sasa nije kwenye ule wema wangu, maana ndio ulioleta hasara kubwa kuliko tarehe. Kwa kupunguza mkopo nilimtoa kwenye foleni. Pale ufukweni mkaushaji anayetaka uhakika wa dagaa humpa mwenye chombo hela ya mafuta kabla hajaingia ziwani, na akirudi yeye ndiye wa kwanza kupimiwa. Kwa 300,000 hakuweza. Nafasi yake kwenye chombo alichokizoea ikachukuliwa na mwingine. Kwa kuficha faini nilimwharibia jina. Wenzake walijua alichelewa, wakaona hakusomwa, wakasema ana mtu ofisini.

Kibaya zaidi, aibu niliyokuwa namfichia haikuwa aibu yake. Ufukweni biashara nyingi ni mali kauli, chukua sasa ulipe baadaye, na deni hudaiwa kwa sauti. Nimesikia mwenyewe baada ya hapo: mwenye chombo anapita, "Bibi, nakudai!" naye anajibu bila kuinua kichwa, "Kuna mwezi!" na wote wanaosikia wameridhika. Deni linalotangazwa ni deni salama. Linalonong'onwa nyuma ya banda ndilo linalotia shaka. Mimi nilimvuta nyuma ya banda.

Tuna methali ya kitanda usichokilalia, kwamba hujui kunguni wake. Watu huitumia kuambiana waoneane huruma, na wengi tunaielewa kwamba basi jaribu kulala hapo kwa mawazo. Nililala. Ila nilikwenda na kunguni wangu kutoka Marangu, wakaniuma, nikaamka nikasema nimewajua kunguni wa Kibirizi. Methali haikusema ujaribu kuwaza. Imesema hujui, basi.

Wanasaikolojia wameshalipima jambo hili. Daniel Batson na wenzake, 1997, waliwagawa watu: wengine wakaambiwa wawaze yule mwenye shida anajisikiaje, wengine wawaze wao wenyewe wangejisikiaje mahali pake. Wote walimhurumia, lakini hawa wa pili walipata pia fadhaa yao binafsi juu yake. Mwaka 2018 Tal Eyal, Mary Steffel na Nicholas Epley walitoa matokeo ya majaribio 25 yaliyouliza kama kujiweka katika nafasi ya mwenzako hukusaidia kujua anachowaza. Hakukusaidia, kulipobadilisha kitu, mara nyingi kulipunguza usahihi. Kilichosaidia ni kitu kinachochosha kwa urahisi wake: kuzungumza na mtu mwenyewe na kumuuliza. Niliposoma hayo nilikuwa tayari nimeshayalipia.

Lakini mimi si niliuliza? "Nyumbani kuna shida?" Hapa ndipo ninapokawia kila ninaposimulia. Maswali yangu matatu yote yalikuwa na jibu ndani yake, na aliyeuliza ameshika daftari. Nani Kibirizi hana shida nyumbani? Mkopo upi si mzigo? Angejibu nini zaidi ya ndiyo?

Mwenzangu mmoja ofisini aliposikia alisema, "Waha ndivyo walivyo, hawakatai usoni, ni utamaduni." Nilikataa, na bado nakataa. Mama huyohuyo nimemsikia akimkatalia mwenye chombo bei mara tatu, kwa maneno ambayo siwezi kuyaandika hapa. Anajua sana kukataa. Aliniitikia mimi kwa sababu mimi ni mgeni, ni mtoto kwake kwa umri, na ni mkopeshaji, vyote vitatu kwa pamoja. Kusema "ni utamaduni wao" kungenipa faili lingine la kufunga, jepesi kama lile la "amelemewa".

Na alikuwa na sababu ya nne, ambayo aliitoa baadaye kabisa, tukichambua dagaa kuondoa vijiti. "Ulipokuja ule mwezi wa kumi na moja nilikuonea imani," akasema. "Nikajua bosi wako amekusema kwa ajili yangu. Nikasema mtoto wa watu asije akafukuzwa kazi, ngoja nimkubalie anachotaka." Ameketi pale ananihurumia, nami nimesimama namhurumia yeye, na hakuna aliyemuuliza mwenzake kitu cha maana. Nilikuwa sina hatari yoyote ya kufukuzwa.

Kilichofanyika

Kompyuta ya ofisi haikubali tarehe inayotembea. Niliandika maombi, nikajibiwa kwa heshima kwamba haiwezekani. Suluhisho likatoka kikundini na halikuchukua hata robo saa: wa dagaa watatia hela zao kwenye sanduku la kikundi wakati wa giza, kidogo kidogo, na mhazini atazitoa tarehe 28. Sanduku lina kufuli tatu na funguo ziko kwa watu watatu. Ofisi ikapata tarehe yake, ziwa likabaki na mwezi wake. Mkopo wake ukarudi 600,000 aliponiambia mwenyewe anataka, si nilipoona mimi.

Kwenye kikao cha Februari nilieleza mbele ya wote kwamba zile faini nilizilipa mimi na kwamba nilikosea. Wakanicheka: Mchaga gani anatoa hela yake hivihivi. Mama yule akafungua pindo la kitenge, akahesabu 15,000 juu ya mkeka, noti moja moja, kwa sauti. "Hii ni ya mwanangu," akasema. "Mimi sikuomba." Mwenyekiti akaamuru jina lake liandikwe kwenye daftari la waliolipa faini, miezi mitatu nyuma. Akatazama likiandikwa mpaka likaisha.

Mwaka huohuo serikali ikatangaza Ziwa Tanganyika lifungwe kwa uvuvi miezi mitatu, katikati ya Mei hadi katikati ya Agosti, ili samaki wazaliane. Safari hii nilikwenda Aprili, jioni, bila daftari, nikauliza swali moja: "Mtafanya nini?" Nikanyamaza, jambo ambalo kwangu ni kazi. Mmoja alikuwa na mpango wa mawese. Mwingine hakuwa na mpango na alisema hivyo. Mama yule akasema atapanda Manyovu kwa dada yake kwenye maharage. Nilidhani ataomba mkopo wa kuvukia. "Usinipe hela miezi hiyo," akasema. "Hela bila dagaa nitaila."

Julai nikahamishiwa Tabora. Siku ziwa lilipofunguliwa nikampigia simu jioni, nimefurahi kama vile chombo ni changu. "Mama, hongera, ziwa limefunguliwa!"

"Limefunguliwa, mwanangu," akasema. Nyuma yake nilisikia watoto na mtu anagonga mbao. "Huko uliko, umetoka nje?"

Nikatoka na simu sikioni. Juu ya miembe ulikuwa umekaa mkubwa, mweupe, umebakiza siku tatu nne ukamilike.